Uso Huu Haujachafuka

Hotuba ya tabibu wa magonjwa ya ngozi kwa wanafunzi, wazazi na walimu, siku ya wazazi katika shule ya sekondari ya kutwa, Tanga.

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi wenzangu, na nyinyi wanangu mliokaa kwenye majamvi huku mbele: itifaki imezingatiwa. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wanangu, marahaba. Nilizisikia shikamoo zenu tangu getini, nikashindwa kuzijibu moja moja.

Nimepewa nusu saa nizungumze juu ya chunusi. Mwalimu wa afya aliponipigia simu alikuwa kama anaomba radhi, akasema najua ni jambo dogo, lakini watoto wameliuliza. Nikamjibu kwamba si dogo. Zaidi ya watu 8 kati ya kila 10 hupata chunusi wakiwa kati ya miaka 12 na 24, na umri huo ndio uliokaa hapa mbele yangu. Mtoto anayeamka saa kumi na moja alfajiri akajitazama kwenye kioo kabla hata hajapiga mswaki, kisha akaamua leo hatajibu swali darasani ili watu wasimgeukie, huyo hana jambo dogo.

Nianze na kilichonileta. Katika kliniki yetu, wanaokuja kwa sababu ya chunusi zenyewe ni wachache. Wengi wanakuja kwa sababu ya kile walichozipaka. Chunusi peke yake, hata ile mbaya, tuna namna ya kuitibu. Uso ulioungua kwa limao, ukasuguliwa kwa magadi, ukapakwa mkorogo miezi minane, huo ndio unaotutoa jasho. Kwa hiyo mkisahau yote, mkumbuke kwamba haraka yetu ndiyo iliyoharibu nyuso nyingi, kuliko chunusi.

Sisi watu wa pwani tuna chunusi wawili. Yuko yule wa baharini, anayemvuta mwogeleaji miguu akazama. Bibi yangu alikuwa akitutisha naye tusiende kuogelea Raskazone bila mtu mzima. Na iko hii ya usoni. Nilipofika miaka 15 hii ya usoni ilinitisha kuliko yule wa baharini, maana yule sikuwahi kumwona.

Mama yangu, Mungu amrehemu, aliamini nimechafuka. Jioni akirudi sokoni alinikalisha kwenye kigoda pale uani, beseni la maji ya moto mbele yangu, dodoki mkononi, kipande cha sabuni ya mche pembeni. Ananishika kidevu kwa mkono wa kushoto, wa kulia unasugua. Paji la uso, mashavu, pua, mpaka povu linakuwa na rangi ya waridi. Halafu ananikausha kwa kanga yake, anachota mafuta ya mgando kwa vidole viwili, ananipaka uso mzima ung'ae ili watu wasiseme mtoto amepauka. Alifanya hivyo kwa mapenzi, na nisingependa mtu amseme vibaya. Lakini asubuhi chunusi ziliongezeka, na jioni dodoki lilikaza zaidi. Ilinichukua miaka mingi, na safari ya kwenda kusoma Moshi, kwenye kile chuo cha magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC tangu mwaka 1992, kujua kwamba yale mambo mawili, dodoki na mafuta ya mgando, yalikuwa yanalisha ugonjwa ule ule tuliokuwa tunaufukuza.

Basi chunusi ni nini?

Ngozi ya uso ina matundu madogo mno, na kila tundu ni mzizi wa unywele, hata kama unywele wenyewe hauonekani kwa macho. Pembeni ya kila tundu pana tezi ndogo ya mafuta. Usoni tezi hizo ni mamia kwa kila sentimita moja ya mraba. Kifuani na mgongoni zipo nyingi pia, ndiyo maana chunusi hupenda sehemu hizo hizo na hamzioni viganjani. Chukulia tundu hilo kama mtungi wenye shingo nyembamba. Mafuta yanatengenezwa chini, yanapanda shingoni, yanatoka nje kulainisha ngozi. Ndani ya shingo hiyo ngozi inajivua magamba madogo kila siku, na kwa kawaida magamba hayo hutoka pamoja na mafuta.

Kwenye balehe mwili unaanza kutoa kwa wingi homoni ziitwazo androjeni. Wavulana wanazo, wasichana pia wanazo. Homoni hizo zinaiamsha tezi, inakuwa kubwa, mafuta yanaongezeka. Wakati huo huo magamba ya shingoni yanaanza kugandana badala ya kutoka. Shingo ya mtungi inaziba. Nyuma ya kizibo mafuta yanarundikana, na hapo anafika mpangaji wa siku zote, bakteria anayeitwa kwa jina la kitaalamu Cutibacterium acnes. Bakteria huyu anaishi kwenye ngozi ya kila mmoja wetu, hata mwenye uso laini kama mtoto mchanga. Hakuletwa na uchafu wala hukuambukizwa na jirani yako wa dawati. Kwenye mtungi ulioziba, wenye mafuta na usio na hewa, anazaana. Mwili unamgundua, unapeleka askari wake, panavimba, pekundu kwa wenye ngozi nyeupe, peusi au pa zambarau kwa sisi, panauma, panatunga usaha.

Kizibo kikiwa kimefunikwa na ngozi unaona kipele cheupe kidogo. Kikiwa wazi unaona kile kichwa cheusi puani. Wazazi, naomba mnisikilize hapa: ule weusi si uchafu. Ni melanini, rangi ile ile iliyotupa ngozi zetu, pamoja na mafuta yaliyobadilika kwa kukutana na hewa. Hakuna sabuni inayoutoa kwa sababu hakuna kilichochafuka. Na kizibo hicho huanza kujengeka wiki kadhaa, pengine miezi miwili, kabla ya wewe kuona chochote kwenye kioo. Shikeni hilo la miezi miwili, nitalirudia nikifika kwenye dawa.

Sasa kwa nini mtoto mmoja awe nazo nyingi na dada yake asiwe nazo, wakati wanakula chungu kimoja? Jibu kubwa ni urithi. Uchunguzi wa mapacha umeonyesha hivyo. Baba, kama ulikuwa nazo wewe, usimwulize mwanao amezitoa wapi.

Mengine yanaongeza. Mafuta ya nywele yanayoshuka kwenye paji la uso ni mfano mkubwa hapa kwetu. Msichana amesuka, ngozi ya kichwa inawasha, anapaka mafuta kwenye mistari, anafunga ushungi, jua la Tanga linayeyusha yale mafuta mpaka kwenye nyusi. Vipele vinajipanga kwenye ukingo wa nywele kama vimepangwa kwa rula. Madaktari wa Marekani walishaandika juu ya aina hii mwaka 1970. Dawa yake ya kwanza ni kuyaacha hayo mafuta, au kuyapaka kati ya kichwa tu, mbali na paji. Vijana wa bodaboda wanakuja na chunusi kwenye kidevu na pembeni ya taya, pale pale mkanda wa helmeti unapokaa, na jasho lake na vumbi. Mkanda uoshwe. Barakoa nazo zilituonyesha hayo hayo wakati wa korona.

Zipo dawa zinazoweza kuleta vipele vya namna ya chunusi. Steroidi, dawa ya kushusha uvimbe, ni ya kwanza, nitaisema peke yake. Isoniazidi ya kifua kikuu inaweza. Sindano na vipandikizi vya uzazi wa mpango kwa baadhi ya akina mama pia. Lakini nakuombeni, mtu asiache dawa ya kifua kikuu kwa ajili ya kipele. Rudi ulikopewa, useme.

Na chakula. Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi, hasa karanga. Karanga mmezisingizia. Mayai nayo mmeyasingizia. Kinachoonekana kwenye tafiti ni kwamba vyakula vinavyopandisha sukari ya damu haraka, soda, peremende, maandazi na mikate myeupe kwa wingi, vinaweza kuzidisha chunusi kwa baadhi ya watu, na maziwa kwa baadhi pia, na ule unga wa protini wanaokunywa vijana wanaobeba vyuma. Mwaka 2002 watafiti walichapisha habari za kisiwa cha Kitava, huko Papua New Guinea. Walitazama watu 1,200, wakiwemo vijana 300 wa kati ya miaka 15 na 25, hawakuona chunusi hata moja. Watu wale walikuwa wanakula viazi, magimbi, matunda, samaki na nazi. Nilipoisoma mara ya kwanza nilimfikiria bibi yangu na chungu chake cha samaki wa nazi na magimbi. Sitawaambia kwamba magimbi ni dawa, maana damu ya watu wa kisiwa kimoja ni ya ukoo mmoja, na urithi nao umo. Ila kijana anayekunywa soda tatu kwa siku akizipunguza hatapoteza kitu. Kunywa maji mengi ni vizuri kwa mwili, lakini maji hayapandi usoni kwenda kuosha vitundu.

Sasa yale maneno ya mtaani, na hapa nitakuwa mkali kidogo, mnisamehe.

Kuna kijana anamwambia binti, "Chunusi zako ni hamu, ukishakutana na mwanamume zinaisha." Nimeyasikia haya kwa wasichana wa miaka 14, wa miaka 16, wakinieleza kwa sauti ya chini huku wanachezea ncha ya ushungi. Mwanangu, huo ni uongo mtupu. Tendo la ndoa haliponyi chunusi, kutolifanya hakuleti chunusi. Wako wake wenye watoto wanne na chunusi wanazo, wako watawa wenye uso safi. Anayekwambia hivyo anatafuta kitu chake, na amekuona uko dhaifu kwa sababu umevunjwa moyo na kioo. Wavulana nao wanaambiwa zao, kwamba chunusi ni za kujichua. Uongo pia. Msibebe aibu isiyo yenu.

Halafu "damu imechafuka". Damu haijachafuka, hakuna cha kusafishwa, wala mtoto hahitaji kuendeshwa tumbo kwa mitishamba kila Jumamosi.

Halafu vya kupaka. Dawa ya meno inaunguza. Limao linaunguza, na ukitoka nalo juani ngozi inaweza kuungua mpaka malengelenge, weusi wake ukakaa miezi. Magadi yanaikwangua ngozi. Spiriti inakausha juu, chini tezi inaendelea na kazi yake. Wengine wanapasua vidonge vya rangi mbili na kupaka ule unga. Hata liwa, ambayo mimi mwenyewe naipenda na nilisingwa nayo nilipoolewa, ni ya kupendezesha na kunukisha mwili. Haizibui tundu.

Na mkorogo. Nilimwona binti mmoja, sitasema wa wapi, alikuja kliniki na shangazi yake. Miaka 17. Amefunika uso mpaka chini ya macho. Alipofunua, mashavu yalikuwa mekundu yanang'aa kama yamepakwa vanishi, vinywele vimeota pembeni ya midomo, na vipele vidogo vimejaa, vyote vya umri mmoja, kama vimeamka siku moja. Nikamwuliza anapaka nini. Shangazi akatoa kwenye mkoba kopo dogo la plastiki lisilo na jina, ndani mna krimu ya rangi ya maziwa iliyochanganywa na muuzaji wa duka moja la vipodozi, na tyubu yake moja ambayo muuzaji alisahau ndani ya mfuko. Nikaigeuza ile tyubu. Klobetasoli. Hiyo ni steroidi kali kabisa, sisi tunaiandika kwa magonjwa fulani ya ngozi, kwa wiki mbili, na usoni tunaikwepa. Yeye alikuwa anaipaka asubuhi na jioni tangu Ramadhani ya mwaka uliotangulia.

Nataka mwelewe inavyodanganya. Wiki ya kwanza inashusha uvimbe, chunusi zinalala, ngozi inakuwa nyeupe. Unaona umepata. Mwezi wa pili ngozi inaanza kuwa nyembamba, mishipa inaonekana. Kisha steroidi yenyewe inazalisha chunusi zake. Unaongeza kupaka. Ukiacha, uso unalipuka, unawaka moto, kwa hiyo unarudi kupaka. Yule binti alikuwa amejaribu kuacha mara tatu. Tulimchukua polepole, miezi mingi, na kuna usiku shangazi alinipigia simu akilia kwa sababu mtoto analia kwa kuwashwa. Leo yuko vizuri. Weusi umebaki kidogo kwenye taya, na ushungi ameuondoa usoni.

Ndani ya makopo hayo mara nyingine mna haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, mara nyingine zebaki, ambayo inapita kwenye ngozi ikaenda kudhuru figo, na kwa mjamzito ikamfikia mtoto aliye tumboni. Tanzania imeshapiga marufuku vipodozi vyenye vitu hivi. Lakini sheria iko barabarani, na kopo liko kwenye mkoba wa shangazi. Krimu isiyo na lebo usimpake mwanao. Na krimu yoyote inayokuponya chunusi kwa siku tatu na kukufanya mweupe, iogope.

Nimesema ya kuacha. Sasa ya kufanya. Mwalimu amenipa chaki, nitaandika majina ubaoni kama yanavyoandikwa kwenye boksi, mnakili.

Kuosha uso ni mara mbili kwa siku, na ukitoka kwenye mazoezi. Maji ya kawaida, sabuni laini isiyokausha, vidole vyako mwenyewe. Dodoki libaki la miguu. Kausha kwa kugusisha taulo, usisugue. Mafuta ya uso yakihitajika, chagua losheni nyepesi iliyoandikwa kwamba haizibi vitundu. Mafuta ya mgando na ya nazi tuyapake mikono na miguu.

Dawa ya kwanza ni benzoili peroksaidi. Inaua wale bakteria, na bakteria hawaizoei kama wanavyozoea antibiotiki. Inauzwa ya asilimia 2.5, 5 na 10, na watu hukimbilia 10 wakidhani ndiyo yenye nguvu. Ile ya 2.5 inakaribia kufanya kazi sawa na hiyo, na haiunguzi sana kama hiyo. Kwa ngozi yetu nyeusi hilo si jambo la kupuuza, maana kila mahali tunapoungua tunabaki na doa. Anza kwa kuipaka siku moja na kuruka moja. Na angalieni nguo: inatoa rangi. Ushungi mweusi, shuka, kola ya shati, taulo la mama, vyote vitapata madoa meupe. Paka, iache ikauke, ndipo uvae.

Ya pili ni adapalini ya asilimia 0.1, ya jamii ya retinoidi. Hii inakwenda kwenye shingo ya mtungi, inazuia magamba yasigandane. Kama mnakumbuka mtungi wetu, mnaona kwamba hii ndiyo inayozuia chunusi ya kesho. Kwa hiyo haipakwi juu ya kipele kimoja kimoja. Tazameni mkono wangu. Usiku, uso umeoshwa na umekauka kabisa. Kamua kiasi cha punje moja ya njegere, hii hapa, basi, uso mzima. Weka tone kwenye paji, tone shavu hili, tone shavu hili, dogo puani, dogo kidevuni, halafu sambaza. Epuka macho, pembe za pua na midomo. Wiki mbili za mwanzo paka mara tatu kwa wiki. Ngozi itakauka kidogo, itabanduka, na chunusi zinaweza kuonekana zimeongezeka kabla hazijapungua. Hapo ndipo watu wengi wanatupa tyubu. Usitupe. Paka losheni juu yake, punguza siku, endelea. Mjamzito au anayetarajia mimba asiitumie. Kwa huyo tuna asidi ya azelaiki, ambayo pia inafifisha weusi.

Wengi wa waliokaa hapa wenye chunusi za wastani watatosheka na hizo mbili, moja asubuhi, nyingine usiku. Lakini ni lini? Mnakumbuka nilisema kizibo huanza miezi miwili kabla. Kwa hiyo dawa uliyoanza leo inazuia chunusi ambazo ungeziona baada ya miezi miwili, na zile ambazo tayari ziko njiani zitakuja tu. Tunahesabu wiki 8 mpaka 12 ndipo tunasema dawa hii inafanya kazi au haifanyi. Mtu akibadilisha krimu kila wiki mbili anaweza kumaliza mwaka mzima bila kuwahi kutibiwa hata mara moja, na hela zote zimekwenda. Piga picha ya uso leo, kwenye mwanga wa dirisha. Usipige kila siku. Piga tena mwisho wa mwezi.

Zikipona usiache ghafla, endelea na ile ya usiku, kwa sababu tezi bado ziko macho mpaka umri upite.

Antibiotiki, kwa ufupi. Klindamaisini ya kupaka isitumiwe peke yake, iende na benzoili, la sivyo bakteria wanaizoea. Doksisaiklini ya kumeza ni ya chunusi zilizovimba sana, kwa maelekezo ya tabibu, miezi 3, ikizidi 4, na inaambatana na dawa za kupaka. Inywe kwa bilauri nzima ya maji na usilale papo hapo, maana kidonge kikikwama kinachoma koo. Inafanya jua likuunguze upesi. Si ya mjamzito wala ya mtoto chini ya miaka 8. Mtu asiende duka la dawa muhimu akaomba vidonge sita vya chunusi. Vidonge sita havitibu chunusi, vinawafundisha bakteria namna ya kupigana nasi.

Na kuna isotretinoini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1982. Kwa chunusi kali, zenye vinundu na makovu, ni dawa kubwa. Miezi michache, na wengi hawarudi tena kwenye hali ile. Lakini inaharibu vibaya mtoto aliye tumboni, kwa hiyo mwanamke hapewi bila kupimwa mimba, na lazima awe na kinga ya mimba mwezi mmoja kabla, wakati wote wa dawa, na mwezi mmoja baada. Inahitaji vipimo vya ini na mafuta ya damu. Nasikia inauzwa kwenye mitandao ya simu kama vidonge vya urembo. Wazazi wa mabinti, tafadhali, fungueni macho hapo.

Msiminye. Najua mkono unakwenda wenyewe. Ukiminya, nusu ya usaha unaouona unatoka na nusu inasukumwa ndani, ukuta wa tundu unapasuka, na hapo ndipo shimo na kovu huzaliwa. Weusi unaobaki baada ya chunusi si kovu. Ni rangi, na hufifia wenyewe kwa miezi kadhaa ukilikwepa jua, kwa kofia au kwa losheni ya kukinga jua. Shimo haliondoki kwa krimu. Na wale wenye asili ya makovu yanayovimba, hasa kifuani, mabegani na kwenye taya, waje mapema, wasisubiri.

Wavulana, vile vipele vya kisogoni baada ya kunyoa, na vya ndevu, ni ugonjwa mwingine, msivitibu kama chunusi. Mwambie kinyozi asinyoe mpaka kwenye ngozi, na mkimaliza hapa njooni tuzungumze.

Nani aje kliniki moja kwa moja? Mwenye vinundu vinavyouma chini ya ngozi. Aliyeanza kupata mashimo. Aliyetumia zile mbili kwa wiki 12 sawasawa bila nafuu. Msichana mwenye chunusi pamoja na hedhi inayopotea miezi na ndevu zinazoota, huyo homoni zake zichunguzwe. Mwenye vipele vya aina moja vinavyowasha sana kifuani na kwenye paji, vipele hivyo mara nyingine ni fangasi, vinataka dawa nyingine kabisa. Na yeyote ambaye kwa sababu ya uso wake ameacha kula na wenzake, au analia usiku. Huyo asisubiri hata wiki moja, hata kama chunusi zake ni tatu.

Wazazi wenzangu, neno moja kwenu. Kuna utani tunaoufanya sebuleni mbele ya wageni: "Mtazame huyu, uso kama embe bovu." Tunacheka, mtoto naye anacheka, kisha anaingia chumbani. Wagonjwa wangu wa miaka 30 wananitajia sentensi walizoambiwa wakiwa na miaka 14, neno kwa neno, na aliyezisema ameshasahau. Mtoto akipata malaria hatumtanii.

Nimeona Mwalimu anatazama saa, nami namaliza. Baada ya chakula nitakuwa kwenye maabara ya baiolojia mpaka saa 10 jioni. Wasichana wapitie mlango wa nyuma, nimemwomba matroni akae pale asiingie mtu mwingine. Wavulana mlango wa mbele, na mwalimu wenu wa afya. Kila mmoja alete alichonacho: tyubu, kopo, sabuni, hata kile kilichofichwa ndani ya soksi. Sitamwuliza mtu alikipata wapi. Nitakisoma nanyi, lebo kwa lebo, na kisicho na lebo mtaniachia mimi.